Shajara ya mradi: kurudisha springi na shokapu za nyuma za MGB ya 1972, Dodoma

Gari ni MGB ya wazi, ya viti viwili, iliyotoka kiwanda cha Abingdon, Uingereza, mwaka 1972. Lina bampa za kromu, usukani kulia, betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, na ekseli ya mirija aina ya Salisbury yenye difu ya uwiano wa 3.909. Magari haya yalitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, na muda wote huo nyuma palibaki vilevile kimsingi: ekseli moja nzima, springi mbili za majani chini yake, na shokapu mbili za mkono, yaani boksi la mafuta lenye mkono wa chuma. Fundi aliyezoea pikapu akilala chini ya gari hili haoni kigeni, isipokuwa hizo shokapu.

Limeletwa na malalamiko matatu. Upande wa kulia umelala. Ukikanyaga mafuta na kuachia, kunagonga nyuma, gongo moja zito. Na kwenye kona nyuma inahama kidogo, kama vile kuna usukani wa pili huko.

Mwenye gari alishaambiwa aongeze jani moja la springi kila upande. Hatutafanya hivyo, na sababu tutaieleza tukifika kwenye springi.

Siku ya 1: kupima kabla ya kugusa spana

Upepo wa matairi ya nyuma ulisawazishwa kwanza, kwa sababu tairi lililopungua linadanganya kipimo. Gari likawekwa kwenye sakafu ya zege iliyonyooka, likasukumwa mbele na nyuma mita mbili, likabonyezwa mara tano kila kona ili likae lenyewe. Kisha tukapima kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Kulia ni pungufu kwa milimita 19 kuliko kushoto. Kwa gari la usukani kulia tofauti ndogo ni ya kawaida, maana dereva huketi upande uleule miaka yote, lakini 19 ni nyingi mno.

Kipimo cha pili wengi hawakifanyi: kutoka bolti ya mbele ya springi hadi mrija wa ekseli, kila upande. Pande hizi mbili zikitofautiana zaidi ya milimita 3 au 4, ekseli imekaa mshazari. Kwetu kushoto na kulia zimetofautiana kwa milimita 7. Hapo ndipo penye nyuma inayojiendesha, na hakuna shokapu duniani itakayoponya hilo.

Tumeandika vipimo vyote kwa chaki ukutani, karibu na shimo la gereji, ili wa mwisho alinganishe na wa kwanza.

Siku ya 2: kufungua

Betri zimekatwa kwanza. Magurudumu ya mbele yamewekewa vigingi, jeki ikaenda chini ya difu, stendi mbili zikakaa chini ya boksi la bodi, mbele kidogo ya mahali springi zinapoanzia. Usiweke stendi chini ya springi yenyewe wala chini ya sakafu ya bati. Jeki inabaki chini ya ekseli muda wote, kwa sababu ekseli ikishaachiwa ni nzito na inaning'inia kwenye hosi ya breki.

Hosi hiyo ni moja tu, inatoka kwenye bodi hadi kwenye ekseli. Yetu ilikuwa imepasuka ngozi ya nje kwa jua, mistari midogo kama udongo mkavu wa bwawa. Inabadilishwa, hakuna mjadala.

Sasa neno kuhusu spana, kwa kuwa hapa ndipo magari haya yanapoharibiwa Dodoma. Bolti zote ni za inchi, uzi wa UNF (uzi mwembamba wa inchi). Gereji zetu zimejaa spana za milimita kwa sababu ya Toyota. Kichwa cha inchi 9/16 ni milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inaingia ikiwa legelege na kukata kona. Cha inchi 1/2 ni milimita 12.7, kwa hiyo ya 13 inashika ukiwa mpole na kuteleza ukitumia nguvu. Hatari kubwa zaidi ni nati. Nati ya M10 inapita kwenye bolti ya inchi 3/8 kwa kuchezacheza, mtu anaona "imeingia", kumbe imeshika vilele vya uzi tu. Upande wa kulia tumekuta mbili za namna hiyo kwenye yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazobana ekseli kwenye springi. Nunua seti ndogo ya soketi za inchi kabla ya kununua kipuri chochote.

Nati nane za yu-bolti zimetoka kwa mafuta ya kupenya yaliyolala usiku mzima. Viungo vya shokapu vimetoka. Shakeli za nyuma, vile vipande vinavyoning'iniza mwisho wa springi kwenye bodi, zimetoka kwa kugongwa taratibu. Bolti ya mbele ya kushoto ilitoka. Ya kulia imegoma kabisa. Kisa chake ni kile kile kila mara: kutu inaiunganisha bolti na silivu (mrija mfupi) ya chuma iliyo katikati ya bushi, ule mpira wa kiungo, kwa hiyo ukizungusha, inazunguka na mpira wake na haisogei hata nukta. Kugonga kunafungua mdomo wa hanga tu, yaani kishikio cha bodi kinachoibeba bolti hiyo. Dawa ni kupitisha wembe wa msumeno wa chuma kati ya jicho la springi na hanga, pande zote mbili, na kukata. Ilichukua saa moja na nusu na wembe nne. Usilete moto wa gesi hapo: tanki la petroli liko nyuma ya ekseli, chini ya buti, na mivuke yake haihitaji kuona moto kwa karibu.

Siku ya 3: kilichokutwa mezani

Tuliyatandaza yote kwenye turubai, kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto.

Pedi nne za mpira, mbili kila upande, ndizo zinazokaa juu na chini ya springi pale ekseli inapoibana. Kati ya hizo nne, moja tu ilikuwa bado na umbo. Nyingine zimekuwa ngumu kama kwato, na moja ya kulia imesagika ikawa unga mweusi uliochanganyika na vumbi jekundu. Pedi ikiisha, yu-bolti zinakuwa hazibani kitu. Springi ina bolti ya katikati inayozishika pamoja majani yake, na kichwa cha bolti hiyo kinatakiwa kukaa ndani ya tundu la sahani ya pedi. Ndicho kinachoipa ekseli mahali pake. Kulia kichwa kile kilishatoka tunduni na kuchimba kitanda kipya pembeni. Zile milimita 7 zimepata maelezo, na lile gongo pia.

Bushi nane za shakeli, zile za vipande viwili viwili, zimepasuka zote. Bushi mbili za mbele, za mpira uliogandishwa kati ya silivu mbili za chuma, mpira umeachana na chuma cha ndani. Mikanda miwili inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi: mmoja umekatika. Mipira ya kugotea imebaki vibonge.

Watu wakisikia gari la Uingereza la miaka hamsini, wanauliza habari za kutu. Kwa gari lililoishi hapa kati, kutu ni jambo la pili. Hewa ni kavu, mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na chumvi ya bahari iko mbali. Kinachokufa Dodoma ni mpira: jua linaukausha, vumbi linaingia kwenye nyufa na kuusaga kama msasa kila gari linapopita tuta. Chuma cha nyuma ya gari hili kinaweza kukuzika. Mpira wake hesabu kwamba umekwisha hata kama unaonekana mzima.

Kutu yenyewe ilikuwepo sehemu moja, ndani ya hanga ya mbele ya kulia, ambako udongo ulijibana na kushika unyevu wa masika baada ya masika. Bisibisi ilizama. Tundu la ukubwa wa sarafu. Limekatwa hadi chuma kizima, likachomelewa bamba la milimita 2 baada ya tanki kutolewa na kupelekwa nje ya gereji, kisha rangi ya kuzuia kutu na rangi nyeusi juu yake.

Siku ya 4 na 5: springi

Springi ina majani sita ukihesabu na lile fupi la chini, upana wa milimita 44. Ya kulia ilikuwa na ufa kwenye jani la pili, sentimita chache kutoka bolti ya katikati, mahali pa kawaida pa kupasukia. Ufa wenyewe ulionekana baada ya kuosha kwa dizeli, kupiga brashi ya waya na kupaka chaki: dizeli iliyobaki ndani ilichora mstari kwenye chaki.

Dodoma haikosi fundi springi wazuri. Malori ya kwenda Singida na kuendelea hadi Kanda ya Ziwa na Rwanda yanapita hapa, na kuna watu wanaokunja springi za lori mchana kutwa kwa nyundo na jicho. Tulimwonyesha mmoja wao. Alisema angeweza kuirudisha upinde wake leo leo kwa kuipiga ikiwa baridi, na kwamba ingelala tena. Tunakubaliana naye kwa yote mawili. Jani likishachoka, upinde wa nyundo unakaa miezi, labda msimu, kisha unarudi ulikotoka, kwa sababu ugumu wa chuma hurudishwa na moto uliopimwa na mafuta ya kupoozea. Kama huna njia ya kuagiza, mpe fundi springi zote mbili kwa pamoja, apige hadi zilingane, na ujue umenunua muda.

Kuhusu kuongeza jani. Gari hili lote halifiki tani moja, na nyuma ndiko kwepesi. Ukiongeza jani, springi inakuwa ngumu kuliko uzito unaoibeba. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi ekseli itarukaruka badala ya kufuata ardhi, tairi litaachia kwenye kona, na mshtuko ambao springi ilipaswa kuumeza utaenda kwenye zile hanga za bati. Tumeona hanga zilizopasuka kwa namna hiyo hiyo. Gari linalogusa matuta kwa ekzosi linahitaji springi nzima na ekzosi iliyofungwa juu vizuri, si jani la saba.

Kwa hiyo zimeagizwa springi mbili mpya za aina ya bampa za kromu. Hili litazamwe wakati wa kuagiza: magari ya bampa nyeusi za mpira, ya kuanzia mwishoni mwa 1974, yaliinuliwa, na springi zake zitaliacha gari hili nyuma juu, pua chini.

Springi zimekuja bila bushi za mbele. Kuziingiza ni kazi ya presi, na kuna makosa mawili yanayorudiwa kila siku. La kwanza ni kupasha moto jicho la springi ili litanuke: ukifanya hivyo umelainisha jani kuu mahali linapobeba kila kitu. La pili ni kusukuma bushi kwa kubana mpira au silivu ya ndani, na mpira unaachana na chuma kabla gari halijatembea. Bushi zetu zililala usiku mmoja kwenye jokofu la soda, zikafutwa, zikasukumwa kwa kipande cha bomba kinachokanyaga silivu ya nje peke yake. Ziliingia kwa mkupuo mmoja, bila kupiga kelele.

Siku ya 6: shokapu za mkono

Hizi ni za Armstrong. Si mirija; ni boksi la chuma lililojaa mafuta, lenye mhimili na mkono unaotoka nje. Mkono unaunganishwa na sahani iliyo chini ya springi kwa kiungo kifupi chenye mpira kila mwisho. Ekseli ikipanda na kushuka, mkono unazungusha mhimili, bastola ndani zinasukuma mafuta kupita kwenye vali, na huo ndio upinzani.

Ibane kwenye vaisi kwa masikio yake ya bolti, ikiwa imesimama kama inavyosimama garini, uchukue mkono wake na kuupandisha na kushusha taratibu. Unatafuta uzito ulio sawa njia nzima, kwenda na kurudi. Ya kushoto ilikuwa nzito, kama kukoroga ugali unaokaribia kuiva. Ya kulia ilienda bure kwa robo ya safari, ikashika, ikaenda bure tena. Nafasi hiyo ya bure ni hewa, maana yake mafuta yamepungua, na yakipungua basi yametoka mahali. Ukipapasa pale mhimili unapotokea ungekuta tope laini lenye mafuta: sili ya mhimili.

Kifuniko cha juu kilisafishwa kabisa kabla ya kufunguliwa, kwa sababu punje moja ya mchanga kwenye vali inatosha kuibakiza wazi. Mafuta ya zamani yalimwagwa kwa kugeuza na kupampu mkono. Ya kulia imewekewa mhimili uliofanyiwa kazi na sili mpya. Ya kushoto imebadilishwa mafuta tu. Mafuta ni ya shokapu za mbele za pikipiki, uzito wa 20. Mafuta ya breki yanakula sili, na mafuta ya injini yanabadilika sana kati ya asubuhi ya Julai na mchana wa Novemba.

Kujaza kunataka subira: jaza, pampu mkono safari nzima mara kumi, acha mapovu yapande, jaza tena. Acha nafasi ndogo ya hewa chini ya kifuniko. Baada ya hapo shokapu isilazwe wala kugeuzwa, hata njiani kutoka mezani hadi garini, la sivyo hewa inarudi chini kwenye vyumba vya mafuta na kazi inaanza upya.

Bolti zake mbili kwenye bodi zinakazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 75 hadi 81.

Wakati ekseli iko wazi, kipumulio cha juu ya mrija kilikutwa kimezibwa na vumbi lililogandamana na grisi. Kitu kidogo, lakini kikiziba, joto la difu linajenga msukumo unaotoa mafuta kupitia sili za magurudumu hadi kwenye ngoma za breki. Kimezibuliwa kwa waya na dizeli. Mafuta ya difu yamebadilishwa: EP 90, lita 0.85. Ekseli ya zamani aina ya banjo inachukua lita 1.28, kwa hiyo jua unayo ipi kabla ya kupima.

Siku ya 7: kufunga

Vipuri vipya vilivyoingia: springi 2, bolti za mbele 2 za chuma kigumu, bushi za mbele 2, bushi za shakeli 8, pedi 4, yu-bolti 4 na nati zake 8, mikanda 2, mipira ya kugotea 2, viungo vya shokapu 2, hosi ya breki 1. Bolti ya mbele usiichongeshe kwa chuma cha kawaida. Ndiyo inayosukuma gari zima.

Bushi za shakeli zimeingizwa kwa maji ya sabuni. Grisi ya kawaida na mafuta ya injini vinavimbisha mpira na kuulainisha. Kuna wanaosifu bushi za plastiki ngumu ya rangi; kwa vumbi la huku hatuziweki, kwa kuwa vumbi linaingia kati yake na chuma, zinalia kama kitanda cha kamba, na zinasaga pini.

Mpangilio ulikuwa huu: springi ikashikwa mbele, nati ya mbele ikavutwa kwa mkono tu, shakeli nyuma, nati nazo kwa mkono tu, ekseli ikashushwa kwa jeki huku mtu wa pili ameweka kidole karibu na tundu la sahani kuhakikisha kichwa cha bolti ya katikati kimeingia. Yu-bolti zikakazwa kwa mzunguko wa msalaba, nusu duara kila nati, mpaka pedi zikaanza kuvimba pembeni kidogo. Ukiendelea baada ya hapo unazikamua, na pedi iliyokamuliwa inapasuka mapema.

Gari likashushwa kwenye magurudumu yake likiwa juu ya shimo. Likasukumwa, likabonyezwa. Ndipo, mtu akiwa shimoni na uzito wote ukiwa chini, bolti za mbele na shakeli zikakazwa.

Hili ndilo linaloharibu kazi nyingi nzuri. Mpira wa bushi ya mbele umeshikana na silivu zote mbili, hauzunguki, unajinyonga. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia, umeufunga mpira kwenye mkao wa kuning'inia. Gari likishuka, mpira umeshanyongwa tayari kabla ya tuta la kwanza, unaliinua gari juu, na baada ya muda mfupi unachanika. Kwa kuthibitisha, upande wa kushoto tuliukaza kwanza ukining'inia, tukashusha, tukapima: juu kwa milimita 16. Tukalegeza bolti moja tu ya mbele, gari likashuka mbele ya macho yetu kwa mlio mdogo wa mpira.

Breki zimetolewa hewa, mafuta ya breki DOT 4.

Siku ya 8: barabarani

Hadi Chamwino na kurudi, lami, kisha kipande cha vumbi cha upande wa Hombolo kwa mwendo mdogo. Gongo halipo, si kwenye gia ya pili wala ya kwanza. Kwenye kona nyuma inafuata mbele. Kwenye mawimbi ya vumbi ekseli inanong'ona badala ya kupiga. Ngoma za breki ni kavu, shokapu ya kulia ni kavu.

Baada ya kilomita 400

Nati za yu-bolti zimepokea kati ya robo na theluthi ya mzunguko, kila moja. Hiyo ni pedi mpya kukaa, na ukiiruka hatua hii utarudi kwenye gongo lile lile. Springi zimeshuka kidogo kama springi mpya zinavyoshuka: kulia sasa ni pungufu kwa milimita 4. Bolti ya mbele hadi ekseli, tofauti ni milimita 1.

Kwenye shokapu ya kushoto, ile iliyobadilishwa mafuta tu, kuna unyevu mwembamba kuzunguka mhimili. Mhimili na sili vimeagizwa. Itashushwa wiki ijayo, bolti mbili na kiungo kimoja, bila kugusa springi.